Mutunzi wa Vitabu Siku ya Salongo

Mtu aliyenifungia mlango wa seksio literere, kule wanakosoma lugha na vitabu, si prefe, yule mkuu wa masomo yetu, wala si baba yangu peke yake. Ni mutunzi wa vitabu. Mutunzi mwenyewe, mzima, aliyekuja Bunia kutuambia uzuri wa kuandika. Nikisema hivi wenzangu wanacheka, wanadhani ni mizaha yangu ya kila siku. Si mizaha. Nina hasira, na nitaisema yote.

Mwaka ule nilikuwa namaliza mwaka wa pili wa sekondari. Kwetu Zaire ukifika pale unachagua seksio, na ukishachagua umekwisha: literere ni literere, komersiale, ile ya biashara, ni komersiale mpaka diploma. Mimi nilitaka literere. Baba yangu alikuwa ametoka upande wa Butembo na magunia ya maharagi, akajenga mtaa wa Bigo, na kwake dunia ina vitu viwili, vinavyouzwa na vinavyooza.

"Literere," akasema, akinitazama kama gunia lililonyeshewa. "Ile inalisha nani?"

"Watunzi wa vitabu, papa."

"Ulisha ona mutunzi hapa Bunia? Anaishi avenyu gani? Anakula nini?"

Mama, aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, akasema, "Pengine wako wanakula karatasi." Watu wanauliza nilitoa wapi huu mdomo wangu. Basi, wajue.

Lakini wiki ile ile prefe akatangaza kwamba mutunzi wa vitabu atakuja kuzungumza na wanafunzi na wazazi, siku ya Jumamosi. Nikakimbia kumwambia baba. Akafikiri, akajikuna kidevu.

"Bon. Nitakuja kumuona na macho yangu. Kama ule mutu iko mutu, utaenda literere. Kama hapana, komersiale, na sitaki kusikia kelele."

Nilikubali haraka, maana nilikuwa na uhakika. Kitabu kimoja cha yule mutunzi nilikuwa nacho, kitabu chembamba kilichochapwa kwenye mitambo ya misioni, jalada lake limeng'oka zamani. Kilikuwa hadithi ya mbuzi aliyeshitakiwa kwa chifu kwa sababu alikula nguo ya bibi arusi. Nilikisoma kwa sauti nyuma ya darasa mpaka mwalimu wa hesabu akanirushia chaki. Kilikuwa kitabu cha kwanza nilichokutana nacho ambamo watu walisema kama siye tunavyosema na kutukanana kama siye tunavyotukanana. Mtu aliyeandika kitu kama kile, nilijiambia, lazima anaishi vizuri.

Na masomo, shule yenyewe, pia yalifikiri hivyo. Mwalimu wetu wa Kifaransa alikuwa ametufundisha mutunzi ni mtu wa namna gani: anazaliwa katika nyumba kubwa ya mawe, anapenda mwanamke mgonjwa, anakohoa, anakufa. Katika maandiko yote tuliyonakili ubaoni, hakuna hata mmoja aliyewahi kuuza kitu sokoni. Kwa hiyo walitayarisha mapokezi ya mtu wa namna ile. Waliazima mafotei, viti vikubwa vya kuzama, kwa tajiri mmoja wa mtaa wa Mbunya, na wanafunzi wakatumwa kuyabeba. Fotei ya kahawia niliileta mimi kichwani, nimeingia chini yake kama kobe, watu wa njiani wakiniuliza kama ninahama.

Sasa, Jumamosi ilikuwa siku ya salongo. Asubuhi nchi nzima inafanya kazi ya mikono, kukata majani, kufagia, kuzibua mifereji, upende usipende. Na masomo yetu yalikuwa na sheria yake ya ziada: mwanafunzi akikosa salongo, Jumamosi inayofuata mzazi wake anakuja kufanya kazi pamoja naye. Hivyo kila juma uliwaona baba za watu wamejipanga kwenye majani pamoja na siye, wamenuna. Mwanaume mzima akisimama kwenye uwanja wetu Jumamosi asubuhi, hakuna aliyemuuliza jina. Alipewa chombo.

Ndipo akafika mtu mmoja. Alishuka kwenye lori ya maharagi kule barabarani, vumbi kuanzia nywele, viatu vyake vilikatwa kwenye tairi, mkononi ana mufuko wa plastiki. Direkta wa nidhamu, mtu ambaye nadhani alizaliwa na firimbi mdomoni, akamuona.

"Weye papa! Unachelewa! Mutoto yako iko kalasi gani?"

"Mimi nimekuja kwa..."

"Najua umekuja kwa nini. Wote wanakujaka kwa ile ile. Kamata!"

Akamtia mkononi kupekupe, lile panga refu la kukatia majani. Yule mtu akalitazama, akatutazama siye, akauweka mufuko wake juu ya jiwe, akaanza kukata. Walimpanga karibu na mimi. Alikuwa anakata vizuri, bila kulalamika, tofauti na wale wengine.

"Mutoto yako alifanya nini, papa?" nikamuuliza.

"Wangu wako wengi, kila mumoja na yake. Leo kuko nini hapa? Naona mafotei."

"Tunangojea mutunzi wa vitabu. Mutu mukubwa sana. Anakuja na ndege."

"Ee! Iko namna gani, ule mutunzi?"

"Tumbo mbele, miwani, suti ya abakosti nyeupe. Kifaransa yake inapitia puani."

"Na vitabu vyake, viko vizuri?"

"Nilisoma kimoja. Mule ndani mwenye akili ni mbuzi tu."

Akacheka mpaka akaegemea kupekupe. Nikaona nimepata msikilizaji, na mimi nikipata msikilizaji sinyamazi. Nikamwambia kesi yangu yote, baba, maharagi, seksio, na kwamba maisha yangu yako mdomoni mwa mutunzi huyo anayekuja.

"Unapenda aseme nini?" akauliza.

"Aseme iko na nyumba ya etaje, ya gorofa. Na motokari. Na serikali inamulipa kila mwezi. Ile tu."

"Na kama hana?"

"Papa, ni mutunzi! Atunge!"

Jua lilipokuwa limepanda, prefe akatoka ofisini na abakosti yake ya sikukuu, uso umekunjamana. Ndege ilikuwa imetua, na mwalimu aliyetumwa uwanja wa ndege kwa baiskeli alikuwa amerudi peke yake. Jirani yangu akaliweka chini kupekupe, akapangusa mikono kwenye suruali, akasogea, akamwita raia kama sheria ya miaka ile ilivyotaka.

"Sitwayen Prefe, kama unatafuta mutunzi, ni mimi. Nimekata mpaka kwenye mufereji, kule ngambo sijafika."

Firimbi ya direkta ilianguka. Maji yakaletwa, na sabuni, na kitambaa cha bibi ya prefe chenye maua. Mimi nilitafuta majani ya kujificha, lakini tulikuwa tumeshayakata yote. Halafu, nikiwa bado nimeinama, nikafurahi ghafla. Kumbe anaijua kesi yangu! Hakuna mtu Bunia nzima aliyekuwa na wakili aliyeandaliwa vizuri kama mimi.

Katika sale, ukumbi wa masomo, baba alikaa mstari wa pili na nguo zake za kanisani. Mutunzi alizama katika fotei ya kahawia, viatu vyake vya tairi vimetangulia mbele. Mwalimu wa Kifaransa akamuuliza, kwa Kifaransa kirefu, ni njia gani iliyompeleka kwenye utunzi. Yeye akajibu kwa Kiswahili.

"Nilianza karani kule Nizi, ofisi ya mugodi. Walinifukuza sababu nilikuwa naandika hadithi kwa saa za kazi, na mukubwa akajikuta mule ndani. Nikafundisha watoto, mushahara ikakawia, nikaidai, wakanifukuza. Nikauza makayabo, samaki ya chumvi. Sasa niko na maharagi, napandia lori kutoka Butembo mpaka hapa."

"Na vitabu," akauliza mwalimu, sauti imepungua, "unaviandikia wapi?"

"Ndani ya potopoto, matope ya barabara. Lori ikizama kule pori ya Komanda, tunalala pale mpaka tunajuana na nyani. Wengine wanacheza karata. Mimi naandika. Mwaka mvua inanyesha sana, njo kitabu kinaisha haraka."

Prefe aliruka. "Mutunzi anasema kwa mifano! Barabara za nchi yetu ziko nzuri!" Tukapiga makofi, maana miaka ile mtu akisema nchi iko nzuri ulipiga makofi kwanza, ukafikiri baadaye.

Nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimelala na swali langu wiki nzima. "Kwa nini yule mbuzi hakukimbia, na kamba walikuwa wameshamufungulia?"

"Keti!" akasema prefe. "Uliza swali ya maana!"

Mutunzi aligeuka upande wangu na kufungua kinywa. Lakini baba alikuwa amesimama.

"Nauliza na heshima," akasema. "Bibi yako na watoto, wanakula vitabu ao maharagi?"

Sale nzima ikacheka. Mutunzi alinitafuta kwa macho, akanipata. Nikamwonyesha kwa nyusi, kwa mdomo, kwa mabega: etaje! Motokari! Akamtazama baba, akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Maharagi, papa."

"Na vitabu?"

"Vitabu njo vinakula maharagi."

Baba akaketi taratibu, kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

Hapa ndipo damu yangu inapochemka hata leo. Watu wote wale, walimu wenye diploma, wazazi, prefe, wamemwita mtu kwa sababu ya vitabu, na hakuna mmoja aliyemuuliza kitabu. Waliuliza tumbo lake. Na walipojua tumbo lake limejaa maharagi kama matumbo yetu, heshima ikaisha. Mwalimu wa Kifaransa akaanza kutazama saa. Prefe akakumbuka kwamba ana mkutano mjini. Kuku waliopikwa kwa ajili ya mgeni, harufu yake tuliisikia tangu asubuhi, waliliwa na walimu nyuma ya mlango uliofungwa, na mutunzi akabaki uwanjani na mufuko wake wa plastiki, akitazama majani aliyoyakata. Kama angekuwa na tumbo na miwani, angekula mapaja ya kuku wote. Kitabu kingekuwa kile kile!

Aliyemchukua ni baba. "Twende kwangu. Mutu wa maharagi hawezi kulala njaa karibu na nyumba yangu." Sijui nimsamehe kwa hilo ama nimkasirikie zaidi.

Nyumbani walikula bugali na sombe, wakazungumza maharagi: ya njano, ya madoadoa, yanayoingiwa na wadudu, madereva wanaoloanisha magunia ili yawe mazito. Walipatana kama watu walionyonya ziwa moja. Mimi niliwamwagia maji mikononi na hakuna aliyenitazama. Baba alipotoka kuonyesha mama gunia fulani, nikakaa mbele ya mutunzi.

"Nilikuambia kila kitu."

"Uliniambia."

"Neno moja tu, papa! Weye unatunga mbuzi anajibu mbele ya chifu, unashindwa kutunga etaje?"

"Mbuzi, watu wote wanajua ni ya kutunga. Ile etaje baba yako angeamini. Angekutuma literere sababu yake, na siku moja angekuja kuitafuta."

"Ungesema iko Kisangani. Nani angeenda Kisangani?"

Akacheka kile kicheko chake cha kwenye majani. Mimi sikucheka. Unamwangusha mtu, halafu unafurahia namna anavyoanguka!

Baba aliporudi nikajaribu mara ya mwisho, mbele yao wote wawili. "Papa, yeye hakusoma komersiale!"

"Angesoma, vitabu havingekula maharagi yake."

Mutunzi akaweka kikombe chini. "Muzee, umuache mutoto achague."

"Weye ulichagua?"

Nilimtazama yule mtu, nikamwomba moyoni, tunga, hata sasa, tunga.

"Hapana," akasema. "Walinifukuza, nikaenda mbele. Wakanifukuza tena, nikaenda mbele."

"Basi," akasema baba.

Lori ikapiga honi barabarani. Waliagana kwa mikono miwili, wakaahidiana magunia ya msimu ujao. Mimi mutunzi alinipiga begani tu, akapanda juu ya mizigo, akatafuta mahali pa kukaa kati ya magunia, na vumbi likawafunika wote.

Mwezi wa tisa nikaingia komersiale. Kalasi ilijaa mpaka tukakaa watatu katika benchi ya wawili. Upande wa pili wa ukuta, literere walikuwa wachache, na kila mtu ana dirisha lake. Mwalimu mpya wa hesabu za biashara akatuinua mmoja mmoja, kila mtu aseme kwa nini amechagua seksio hii.

"Kazi ya banki."

"Duka ya papa."

"Duane, kodi ya mpakani, pale Mahagi," akasema mwingine, na wote wakamwonea wivu.

Ikafika kwangu. Nilisimama. Nilikuwa nimefikiri jambo hilo likizo nzima, nikipakia magunia ya baba. Yule mutunzi alikuwa karani kule Nizi, kisha mwalimu, kisha makayabo, kisha maharagi. Hakuna hata siku moja aliyopitia literere.

"Nataka kuwa mutunzi wa vitabu," nikasema. "Njo maana niko hapa."

Kalasi ikapasuka. Wengine walipiga meza, mmoja akalia kama mbuzi. Mwalimu akangoja kelele zishuke, akatikisa kichwa.

"Kumbe njo weye. Nilisha ambiwa juu yako. Inje! Magoti!"

Nikapiga magoti kwenye changarawe, jua usoni. Mara zote nilizofukuzwa kalasini nilikuwa nimefanya kitu, na nilikuwa nikitoka ninacheka. Siku hiyo sikuwa nimefanya kitu. Direkta wa nidhamu akapita, akasimama juu yangu.

"Siku ya kwanza tu! Umesema uongo gani tena?"

"Nimesema kweli, Direkta."

"Basi nyoosha mugongo," akasema, akaendelea na njia yake.