Malcolm Raistrick na Mechi Iliyohamishwa

Simu ya jikoni kwenye klabu ya mpira ya Harrasby, pwani ya Uingereza, haiiti tena siku za Alhamisi. Bado ipo ukutani, juu ya birika kubwa la chai, na waya wake umejisokota kama utumbo. Kwa miaka ishirini na sita ililia kila Alhamisi saa moja jioni: makatibu wa timu nyingine wakiuliza saa ya kuanza, waamuzi wakiuliza njia, na aliyeipokea alikuwa mtu mmoja. Siku hizi ratiba inatumwa kwenye simu za mikononi. Hata hivyo Noreen Tyson, anayepika chai na kuuza pai za nyama dirishani, anasema ikifika saa moja mkono wake unakwenda wenyewe kupunguza sauti ya redio.

Aliyekuwa akiipokea ni Malcolm Raistrick, katibu wa ratiba wa klabu. Hiyo haikuwa kazi ya kumlisha. Kazi yake ilikuwa katika kibanda cha ishara za reli, kilomita mbili kutoka uwanjani, pale njia ya treni inapopakana na bahari. Alivuta mikono ya chuma, akafungulia treni njia, akaandika saa ya kila moja kwenye daftari kubwa. Tena alikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Mtu mwenye makatibu wawili ndani yake hatulii. Mechi aliitazama akitembea kando ya mstari, huku na huko. Mkewe, alipokuwa hai, alisema kuolewa na Malcolm ni kama kuishi na mlango usiofungika vizuri.

Walikuwa na mtoto mmoja, Bryony. Alicheza na wavulana wa Harrasby tangu akiwa na miaka saba, beki wa kushoto, mkali. Alipofikisha kumi na miwili, kanuni za wakati ule zilisema msichana hawezi kuendelea kucheza na wavulana. Barua ya kumtoa ilipaswa kuandikwa na katibu. Malcolm aliiandika kwa mkono wake, akaitia kwenye bahasha, akampa mwanawe mezani, baina ya sahani ya viazi na chupa ya siki. Hakujua namna nyingine ya kusema jambo. Bryony aliisoma, akaikunja, akamaliza viazi vyake. Hakukanyaga tena uwanja ule. Akaenda kusoma Lancaster, akabaki huko, akacheza mpira huko miaka kumi na saba, na baba yake akawa na zamu au mechi ya klabu karibu kila Jumamosi.

Majira ya baridi ya ule mgomo wa treni, ligi ya wanawake iliipanga Lancaster kuja kucheza Harrasby Jumamosi ya kwanza ya Januari. Bryony alikuwa na miaka thelathini na sita. Goti lake lilikuwa limekwisha. Daktari alikuwa amempangia upasuaji tarehe thelathini mwezi ule, na baada ya hapo, basi, hakuna mpira tena. Alimpigia baba yake simu siku ya pili ya Krismasi.

"Nitacheza kwenu, baba. Halafu natundika viatu."

"Nitakuwepo," Malcolm akasema.

"Hujawahi kuwepo."

"Nimesema nitakuwepo."

Siku tatu baadaye chama kikatangaza tarehe mpya za mgomo, na Jumamosi ile ilikuwamo. Malcolm mwenyewe ndiye aliyebandika tangazo kwenye mlango wa stesheni. Timu ya Lancaster haikuwa na basi. Wachezaji walikuja kwa treni, na mfuko wao haukuwa na uwezo wa kukodi basi.

Kamati ya klabu ilifurahi. Mgeni asipofika, mwenyeji hupewa pointi tatu za mezani, na timu yetu ya wanawake ilikuwa ya pili kutoka chini.

"Tulia tu, mzee," mwenyekiti akamwambia. "Mgomo wako unatulipa."

"Sitaki pointi za mezani."

"Wewe hutaki, au babake Bryony hataki?"

Malcolm alikuwa ameshachukua kitabu cha ratiba na koti lake.

Alhamisi ile alimpigia katibu wa Lancaster, Shazia Mahmood, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili. Noreen alikuwa anakata vitunguu, akasikia yote.

"Kumbe ni wewe!" Shazia alisema, sauti ikitoka nje ya simu. "Unasimamisha treni kwa mkono wa kulia, kwa mkono wa kushoto unanipigia kuniuliza kwa nini siji?"

"Sijakuuliza kwa nini. Nakuuliza lini."

"Tarehe kumi na nne tuna kombe."

"Ishirini na moja wanaume wetu wana uwanja. Ishirini na nane vilevile."

"Jumapili?"

"Jumapili ni za watoto."

"Basi ningojee mpaka Machi, bwana, mbona una haraka kama mtu mwenye mimba?"

"Machi Bryony hatakuwa na goti."

Shazia akasema kwa sauti nyingine, "Jumatano tarehe ishirini na tano. Usiku, kwenye taa. Saa moja na nusu. Treni ya mwisho ya kuturudisha ni saa nne kasoro dakika nane, kwa hiyo refa wako asiongeze dakika za kujionyesha."

Malcolm aliandika. Akapigia ligi, akapigia refa, akapigia mtu wa taa. Wote wakakubali. Ndipo alipotoa kijitabu cha zamu mfukoni, na Noreen anasema alikiangalia muda mrefu kana kwamba kimeandikwa kwa lugha ngeni. Wiki ile alikuwa zamu ya pili: saa nane mchana hadi saa nne usiku. Mtu aliyehamisha ratiba ya wengine kwa miaka ishirini na sita alikuwa amejihamisha mwenyewe akajitoa nje.

Kubadilishana zamu si jambo kubwa. Mnakubaliana wawili, mnatia saini, mkubwa anaidhinisha. Lakini kibanda kile kilikuwa na watu watatu wanaokijua. Graham alikuwa amelazwa kwa mgongo. Aliyebaki ni Neville Postlethwaite.

Neville alikuwa amevunja mgomo wa Desemba. Asubuhi ile tulikuwa tumesimama langoni na mabango, mvua ya chumvi ikitupiga usoni, tukamwona anakuja na mkoba wake wa chakula, akatupita, akapanda ngazi za kibanda, na treni nne zikapita siku ile kwa mkono wake. Hakueleza sababu, nasi hatukumwuliza, maana kuuliza ni kuongea. Tangu siku ile hakuna aliyempa neno. Kwetu hilo halina mwisho. Kuna mzee hapa Harrasby alizikwa bila nduguye kumsemesha, kwa ajili ya mgomo wa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Na aliyesimama kwenye mkutano wa tawi akasema, "Asisemeshwe," alikuwa Malcolm. Yeye na Neville walipokezana kibanda kila siku kwa kuandika daftarini. Mmoja anaingia, mwingine anatoka, vikombe viwili kwenye sinki.

Wiki mbili Malcolm alizunguka. Tulimwona kwenye ukuta wa bahari asubuhi, tulimwona mchana. Alipita mtaa wa Neville, akafika kona, akarudi. Alianza kuandika daftarini, chini ya saa ya treni ya mwisho, "Jumatano 25," kisha akakata. Mistari iliyokatwa ikawa mitatu, minne. Daftari la reli halikatwi ovyo, na Neville alikuwa na macho.

Jumatatu ya wiki ya mechi, saa nane mchana wakati wa kupokezana, Neville hakushuka ngazi. Alisimama mlangoni na mkoba wake.

"Najua unachotaka," akasema. "Nimesoma gazeti. Na nimesoma ulichokata."

Malcolm akavua koti, akalitundika, akalitundua tena.

"Nitakufanyia zamu," Neville akasema. "Ila hutaniomba hapa, kwa kujificha, kama mtu anayenunua bangi. Mlininyamazia mbele ya watu. Uniombe mbele ya watu. Leo usiku huwezi, uko kazini. Kesho asubuhi njia imefungwa kwa matengenezo, kibanda hakina mtu, na mna kikao chenu klabuni. Nitakuja, nitaagiza chai yangu, nitakaa."

Akashuka.

Jumanne asubuhi tulikuwa kumi na wanane klabuni. Tulikuwa tunazungumzia fedha za kuwasaidia wenzetu wa reli wa kaskazini waliokaribia kuukatia mgomo tamaa. Neville akaingia. Noreen akamtazama Malcolm, hakujua amwuzie chai au asimwuzie. Mwishowe akakisukuma kikombe bila neno. Neville akakaa peke yake chini ya picha za timu za zamani.

Malcolm alikuwa anasoma barua ya makao makuu. Aliimaliza. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Tulizoea, hatukumtazama. Halafu hakurudi. Alivuka sakafu, na viatu vyake vilisikika.

"Neville," akasema. "Nakuomba unifanyie zamu ya kesho jioni. Bryony anacheza."

"Sauti," Neville akasema.

"Nakuomba unifanyie zamu yangu ya kesho, Neville."

"Nimekubali, Malcolm. Na karatasi ninayo."

Wakatia saini pale pale. Kalamu ya Malcolm ilikataa kuandika, Neville akampa yake. Kijana mmoja wa reli akasema, "Mzee, wewe ndiye uliyetuambia." Malcolm akasema, "Mimi." Akarudi mezani akauliza ajenda inayofuata ni ipi, na hakuna aliyemjibu.

Jumatano mvua ilikuja kutoka baharini imelala ubavu. Taa zilikuwa na ukungu wa manjano. Bryony alicheza na bandeji nene gotini, na kwa dakika kumi na tano za kwanza alimtia winga wetu mfukoni. Malcolm alitembea kando ya mstari wa upande wake. Watu waliokuwa wamesimama huko walisogea taratibu, bila fujo, mpaka upande ule ukabaki wake peke yake. Lancaster waliongoza, tukasawazisha, wakapata la pili kwa kona aliyoilazimisha Bryony. Dakika ya sabini goti likagoma. Alitoka akichechemea, hakwenda benchi. Alikwenda alipokuwa baba yake.

"Umekuja."

"Nimekuja."

"Nani yuko kibandani?"

"Neville."

Alimtazama. Habari za Neville zilikuwa zimefika hata Lancaster. "Ulimwomba?"

"Nilimwomba."

"Wenzako wanajua?"

"Walikuwepo."

Bryony alisukutua maji, akatema. Kisha akaegemea uzio karibu naye, bega kwa bega. "Simama basi, baba. Unanizungusha kichwa."

Akasimama. Noreen aliyaona hayo kutoka dirishani, na anaapa kwamba kwa dakika ishirini Malcolm Raistrick hakuinua mguu.

Tulifungwa mbili kwa moja, na mwezi wa Mei tukashuka daraja kwa pointi mbili. Hakuna mkutano ulioitishwa juu ya Malcolm. Hakuna aliyemtukana. Februari alikirudisha kitabu cha chama, Juni kile cha ratiba, na aliyevipokea alisema ahsante tu. Mpaka leo hatukubaliani kosa lake lilikuwa lipi. Wa reli wanasema ni Neville, wa mpira wanasema ni zile pointi za mezani. Wapo wachache, na Noreen ni mmoja wao, wanaosema ni ile barua ya zamani, na kwamba hiyo ameilipa.

Alistaafu mwaka uliofuata. Anaishi Lancaster, chumba cha chini nyumbani kwa Bryony, na siku za Jumatatu na Ijumaa hukata tiketi kwenye bwawa la kuogelea.