Douane ya Njia ya Kisima

Siku yangu ya kwanza kazini, katika foyer ya Manika, nilipewa mkasi, kipande cha kitambaa na onyo. Foyer ilikuwa nyumba ya kuwafundisha wanawake na wasichana kushona, kupika na kutunza watoto. Mimi nilikuwa monitrice, yaani mwalimu wao. Onyo lilitoka kwa Citoyenne Directrice, mama wa asili ya Kasai mwenye sauti ya kuamsha kambi nzima. Enzi hizo za Zaïre hapakuwa na bwana wala bibi. Sote tulikuwa citoyen na citoyenne.

"Kushona batajua tu," aliniambia. "Kazi yako njo hii: batoto banamuke bajue kama beko bantu." Yaani wasichana wajue kwamba wao ni watu.

Miaka michache baadaye alinihamishia kijiji kimoja upande wa Mutoshi. Huko niliendesha causerie, mafunzo ya kuzungumza bila ubao wala chaki, kwa vijana waliokuwa wanabalehe. Wasichana walikuja. Wavulana walichungulia dirishani wakicheka, kisha wakaenda zao.

Ndipo nikasikia habari za douane. Wavulana walilaza gogo kukatiza njia ya kisima, wakajifanya maofisa wa forodha, na kila msichana alishikwashikwa mwilini kabla ya kuachiwa apite. Watu wazima waliuita mchezo. Kapinga, mwanafunzi wangu hodari kuliko wote, alikataa mchezo huo, akawa anarudi nyumbani na ndoo tupu. Aliona haya kueleza sababu nyumbani. Baba yake akampiga akidai ni mvivu, na mwishowe akatangaza: maji yasipofika nyumbani, shule nayo basi. Niliumia sana. Mtoto alikuwa anaadhibiwa kwa makosa ya wengine.

Directrice alipokuja kukagua kazi, nilimweleza kwa fahari kwamba nimewafundisha wasichana kwenda kisimani kwa makundi.

"Unafundisha mbuzi kukimbia," alisema. "Na chui, unamufundisha nini? Ita bale batoto banaume."

Chifu alinisaidia, wakaletwa. Mkuu wa douane, kijana aitwaye Ilunga, alikaa mbele amekunja mikono. Nilikuwa nimeandaa igizo: wavulana wabebe ndoo, wasichana washike mti wa kizuizi na kuwatendea kama walivyotendewa. Hata wasichana walichangamka. Nikampa Kapinga mti. Hakuupokea.

"Hapana, mama. Mi sitaki kushika muntu. Mi nataka kupita tu, nipeleke maji, baba asinipige, niende ku masomo."

Ilunga alikunjua mikono.

"Baba yako anakupigaka juu ya ile maji?"

"Njo ile."

"Mi sikujua."

"Sasa unajua."

Jumamosi, siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, Ilunga na wenzake waliliondoa gogo na kufyeka njia yote mpaka kisimani. Jioni alinifuata, akaniomba nimsindikize kwa baba yake Kapinga. Tulipofika, aliongea yeye mwenyewe.

"Tata, Kapinga haiko muvivu. Ni siye tulikuwa tunamukatazaka njia."

Mzee yule alimtazama kijana, kisha akamtazama binti yake aliyesimama mlangoni.

"Basi nilimupiga bure," alisema. Jumatatu iliyofuata, Kapinga alikuwa darasani.

Nilifanya kazi kwingine pia, hata Kisenge kwenye migodi ya manganizi, chini ya wakubwa wapole na wakali, na kila mmoja alinifunza jambo. Igizo lile sikulirudia popote. Vijana niliwauliza tu: mwenzako anataka kupita aende wapi, na wewe unamzuia kwa nini? Walibishana mpaka jasho likawatoka, nami nikafurahi.

Leo nimestaafu, magoti yangu hayataki tena njia za vumbi. Wazazi hunisimamisha sokoni kunishukuru kwa kuwafunza binti zao. Asante zao nazipokea, lakini moyoni namshukuru Kapinga, aliyenikatalia mbele ya watu wote.