Milioni Moja na Moja, Namba Isiyo na Wazazi

Pale Ukunda palivuma habari kwamba namba milioni moja na moja haigawanyiki kwa chochote, na simu yoyote itakayolazimishwa kuigawa huzima, haiwaki tena hadi Kiyama. Niliamini habari hiyo kuliko nilivyoamini cheti changu cha kuzaliwa. Simu yangu nikaiweka mbali kabisa na namba ile.

Wakati huo nilikuwa nasoma gumbaru huko Msambweni, mtu mzima na ndevu zangu, nimebanwa kwenye dawati la watoto mpaka magoti yanasalimiana na masikio. Dawati la mbele alikaa mama wa mchumba wangu, mwanafunzi kama mimi. Nyumbani kwake alikuwa amekwisha kutamka: bintiye haolewi mpaka mimi nifuzu hesabu. Kwa hivyo kila nilipokosea jibu, posa yangu iliingia homa.

Mwalimu wetu alikuwa na mtindo wake. Kila mmoja achague namba kubwa, asimame aitambulishe kama tunavyomtambulisha bwana harusi: je, ni shufwa, inagawanyika kwa mbili, au ni witiri? Wazazi wake ni nani, yaani ni namba zipi zikizidishwa huizaa? Isiyo na wazazi, isipokuwa moja na yenyewe, hiyo ni namba tasa. Ukikosea, hufuzu.

Nami nikajipeleka na milioni moja na moja! Sikwenda mikono mitupu, jamani. Nilikuwa nimeigawa kwa mkono: kwa mbili, tatu, tano, saba, nikapanda na tasa zote mpaka tisini na saba. Karatasi nilizomaliza zingeezeka hoteli nzima ya Diani. Kila mara palibaki masalio.

"Mabibi na mabwana," nikasema, kifua mbele, "huyu ni witiri, tena ni yatima. Hana baba, hana mama."

"Sasa mahari atapokea nani?" akadakia mmoja wa nyuma. Darasa likaangua kicheko.

Mama mkwe hakucheka. Aliinama akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Shikamoo, mama," nikasema, ingawa tulikuwa tumeshaamkiana mlangoni.

"Marahaba. Kugawa uliishia wapi?"

"Tisini na saba, mama. Ukishapita mia, si namba zimekuwa kubwa mno, hazigawi tena?"

Akavua miwani. "Nani kakwambia? Elfu mara elfu ndiyo milioni, kwa hivyo ungetafuta mpaka elfu ndipo upumzike. Wewe umechoka ukiwa bado mlangoni! Tasa inayofuata ni mia na moja. Haya, gawa."

Nikagawa ubaoni, chaki ikivunjikavunjika. Haikubaki hata chembe. Nikamtazama mwalimu, nikamtazama mama mkwe, nikaiona harusi yangu ikiyoyoma.

"Mpe namba nyingine wiki ijayo, mwalimu," akasema mama mkwe. "Viti vya harusi nimeshavikodi." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, sikiliza. Milioni moja na moja ni mia na moja mara elfu tisa mia tisa na moja. Si tasa. Na simu haifi kwa kugawa. Mimi nimeigawa kwa yangu sasa hivi."