Maswali Kuhusu Figo za Mpakiaji

Huwa naambiwa nauliza sana. Kusema kweli, uuguzi nilikuja kuufanya hapa Riyadh, lakini umbea nilitoka nao Mombasa. Siku niliyoitwa kutafsiri Kiswahili wodi ya wagonjwa mahututi, niliacha chai yangu mezani.

Mgonjwa alikuwa Mkenya, mpakiaji mizigo kwenye maghala ya Al-Sulay aliyeanguka kutoka juu ya lori. Ubongo ulikuwa umekufa, akipumua kwa mashine tu. Mkewe, aliyekuwa Nakuru, alikuwa ameshakubali figo zitolewe wapewe wagonjwa. Sasa daktari alitaka kujua kama zinafaa. Alichohofia ni lile jua la kazini, na dawa za maumivu ambazo vibarua wengi humeza ili mgongo usiwasumbue.

Tukampigia mkewe, simu tukaiweka mezani. Alikuwa na presha? Sukari? Aliwahi kukojoa damu? Alitumia mitishamba? Sikujua figo ina maswali mengi hivyo, na nilifurahia kuyauliza kuliko ilivyofaa. Kila jibu lilinionyesha kidogo mtu ambaye sikuwahi kumwona akiwa macho: hakunywa pombe, alipenda uji bila sukari, akilala ni fofofo.

"Na dawa za maumivu?"

Mkewe akajibu, "Dada, hiyo siwezi kujua. Tangu aende huko, kila nikipiga ananiambia, niko sawa, nakula poa, kazi si ngumu. Nikimwambia awashe video, eti network ni mbaya. Mimi nilijua tu kuna kitu ananificha."

Nilimtafsiria daktari yote. Akasema basi watazikagua figo zenyewe.

Majibu ya damu, mkojo na picha yalipotoka, daktari alikuwa mchangamfu. Figo zote mbili zilikuwa nzima. Moja ingebaki Riyadh, nyingine ingepelekwa Jeddah. Nilimuuliza mara mbili kama kuna dalili yoyote ya dawa au ya kukosa maji. Mara ya pili akanijibu, "Mafi, sista. Halas," yaani hakuna, na maswali yatosha.

Nikaomba ruhusa nimpigie mkewe mimi mwenyewe. Nilidhani atauliza nani atapewa, maana mimi ningeanzia hapo.

"Daktari ameangalia vizuri?"

"Vizuri sana."

"Na hakuna mahali pameharibika?"

"Hakuna, dada."

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuzungumza.

"Kumbe alikuwa ananiambia ukweli," akasema. "Na mimi kila siku nilikuwa namgombeza."