Nilivyomsindikiza Refa Tegeta

Nyie mnaoniuliza hapa Gongo la Mboto kulitokea nini Tegeta, niacheni nieleze mwenyewe, maana kila mtu ana lake na wengi hawakuwepo. Nilikwenda kwa sababu ya binti yangu Mwanaidi. Mwanaidi ni refa, yule wa kati mwenye filimbi. Jumamosi ile alipangiwa fainali ya mchangani, wenyeji Tegeta na wageni kutoka Temeke, na mkaguzi wa waamuzi alikuwa anakuja kumtazama. Akichezesha vizuri anapandishwa daraja, aingie kwenye ligi. Siku hiyo ameikimbilia miaka. Mama yake akasema mtoto wa kike haendi peke yake kwa wahuni wa mpira, baba amsindikize. Mie sikuomba.

Asubuhi, kabla hatujafika hata Ukonga, akaanza kunipa masharti. Refa hali na timu, hapandi gari la timu, hata maji anakuja na yake. Kweli, mkobani alikuwa na maji na mihogo ya kuchemsha. Kisha akasema, "Baba, tukifika pale wewe hunijui." Sasa mtoto nimemzaa mie, nitaachaje kumjua? Nikamwambia zamani refa alikuwaga mwalimu wa shule, anachezesha na bakora mkononi, na hakuna aliyebisha. Akaziba masikio kwa vile vidude vya kusikilizia muziki.

Mwenge tukabadilisha gari. Kuanzia hapo ni foleni, na barabara ya Bagamoyo haina huruma na goti la mzee. Tuyaache hayo.

Tegeta tulifika jua limekaa utosini. Mwanaidi akaenda kwenye turubai la waamuzi wenzake, mie nikabaki barabarani kama mzigo usio na mwenyewe. Akatokea mzee wa rika langu, Bwana Sefu, kanzu safi, akanisalimu vizuri. Tukaulizana kwetu wapi, tukakuta wote asili yetu Kisarawe, na shangazi yake aliolewa kwa kina babu yangu. Akanichukua mpaka barazani kwake. Tukaswali adhuhuri, likaletwa sinia la pilau. Jamani, mtu anakumiminia maji mikononi, wewe useme hapana? Nikala.

Vijana walikuwa wanapita pale, shikamoo babu, shikamoo babu, wanaingia ndani na kutoka na soksi. Nikadhani ni wajukuu. Kumbe Sefu ndiye mlezi wa timu ya Tegeta, na jezi zinalala kwake. Hakuniambia, na mie sikuuliza. Tena kwa kuwa tumeshakuwa ndugu, nikamwambia refa wa leo ni binti yangu. Akafurahi mno. Akanisogezea nyama.

Uwanjani, Sefu akaanza kunitambulisha kwa watu: huyu ndiye baba wa refa, katoka kula kwangu. Habari ikamfikia nahodha wa Temeke. Akamwendea mkaguzi, akasema wao hawaingii uwanjani. Mwanaidi akaitwa. Akaniangalia kwa mbali, halafu akasema, "Ni baba yangu. Kama kala, kala." Nikaenda kueleza kwamba chakula ni riziki tu, hakina timu. Mashabiki wa Temeke wakaniuliza, "Mzee, hata ukoko hukutubakizia?" Watu wazima wanacheka, mtoto wangu kasimama pale.

Wakabishana mpaka nikachoka kusimama. Mwisho ikaamuliwa mmoja wa washika kibendera achukue filimbi, na Mwanaidi ashike kibendera chake pembeni.

Mpira ukachezwa. Nilikaa na Sefu, hasira imenijaa, namtazama mtoto anakimbia kandokando ya mstari sambamba na beki wa mwisho, huku watu nyuma yake wanamtukana mimi nasikia. Mpira unaelekea kwisha, bado bila bila, Tegeta wakafunga. Uwanja wote ukaingiliwa na mashabiki. Vumbi lilipotulia, Mwanaidi alikuwa kasimama palepale, kibendera juu. Mfungaji kaotea. Refa akakataa bao.

Sefu akanigeukia. "Bwana, huyo kweli binti yako?" Akahama, akaenda kukaa upande wa pili. Undugu wetu wa Kisarawe ukaishia hapo.

Penalti zikaamua, Temeke wakaondoka na mbuzi wa zawadi. Yule nahodha akaja na mkono mbele. "Sista, samahani. Tungejua..."

"Ungejua nini?" Mwanaidi akamwambia. "Lile bao lilikuwa la kuotea hata kama baba yangu angekula kwenu."

Jioni, njia ya kurudi, tukabadilisha gari Mwenge. Hapo ndipo akanieleza: mkaguzi kamsifu, lakini yeye alikuja kukagua filimbi, hakuja kukagua kibendera. Kampa mechi moja nyingine, Kinondoni. Hiyo ikiharibika, asubiri msimu ujao.

Nilichojifunza ni hiki, na kinaniudhi mpaka leo: refa akipangiwa mechi, ukoo mzima umepangiwa, na hakuna anayewaambia sheria. Mie niliambiwa nisimjue mwanangu. Kuhusu kujua watu wengine sikuambiwa.

Mechi ya Kinondoni ni leo. Safari hii kaenda na mama yake, mie nimeachiwa nyumba. Simu iko hapa mkekani na nimekatazwa kupiga. Saa hizi filimbi imeshalia, ila sijui imepulizwa na nani.