Nusu ya Wimbo wa Baba

Mimi mtu wa kukaa kitako sikuumbwa. Hata kwenye cherehani, ninaposhona sare za skuli, mguu mmoja uko kwenye pedeli na wa pili unatafuta pa kwenda. Marehemu mama alikuwa akisema nina upepo. Basi tangu baba alipopooza upande wa kushoto, upepo huo ukapata kazi.

Baba alikuwa mpiga fidla wa kikundi cha taarab hapa Wete. Hakuna harusi ya maana iliyompita. Watu wa Shumba wanamjua, na kisiwani Fundo alivuka na fidla yake ameizonga nailoni isiingie maji. Mkono uliokufa ndio ule wa kubana nyuzi. Sasa fidla iko juu ya kabati, yeye yuko barazani, na kutwa anavumisha wimbo mmoja puani, nusu yake tu. Akifika pale sauti inapopanda hunyamaza, halafu huanza tena. Mimi ndani nauma uzi kwa hasira.

"Kwani baba, huo wimbo hauna mwisho?" nilimuuliza siku moja.

Akanihadithia. Alipokuwa kijana, redio ya nyumba hii ilikuwa ya babu, na stesheni moja ya nje ilikuwa na kipindi cha muziki wa Kizungu, wa fidla tupu, kilichofunguliwa kila jioni kwa wimbo huo huo. Ukifika hapo panapopanda, muadhini wa magharibi huyo. Babu huinua mkono: zima! Kwetu redio haishindani na adhana. Wakirudi msikitini, kipindi kimekwisha. Miaka yote ile baba hakupata kuusikia mwisho wake.

"Nataka niusikie," alisema. "Kabla sijazimwa mie."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Ndipo nilipoingia mtandaoni. Sikuwa nikijua kama duniani kuna watu wanaokusanya santuri za kale, wakazipangusa vumbi na kuziweka wazi, bure, achukue atakaye. Lakini wimbo wa baba haukuwa na jina wala maneno. Nilifungua huu, nikafunga, nikafungua mwengine, sina subira ya kusikiliza wala moyo wa kuacha. Sare za watoto wa watu zikachelewa, na mama zao wakaanza kunipitia mlangoni na salamu ndefu za kunisuta. Niliwaitikia na simu iko sikioni. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Huko huko nikapotea kwenye vitabu. Mara hadithi zilizochorwa kwenye vibao vya udongo kabla karatasi haijajulikana. Mara mashairi ya Waarabu wa jangwani, wa zamani kabla ya Uislamu, mtu anasimama kwenye mahame analilia mpenzi aliyehama. Hayo nayo bure. Niliyasoma huku pasi inaunguza kola, na sikujua kwa nini yalinitia wivu.

Kila baada ya chakula cha mchana nilimpelekea baba simu barazani.

"Sio," husema. "Hino sio. Hebu lete nyengine."

Mpaka siku moja akaniashiria nisizime. Vidole vya mkono wa kulia vikaanza kugonga goti. Tukafika panapopanda, nikamwona anageuza uso upande wa msikiti, kwa mazoea tu, maana alasiri ilikuwa bado. Wimbo ukapita pale. Ukateremka pole pole, fidla zikawa zinanyamaza moja baada ya moja, ukaisha.

Nilitegemea machozi.

"Ndo huo tu?" akauliza.

"Ndio huo, baba."

"Wangu mzuri zaidi."

"Wako upi?"

Kumbe mwisho alikuwa ameutunga mwenyewe, zamani, na kikundi chao kilikuwa kikiupiga bibi harusi anapotolewa. Kwenye harusi za Gombani watu walikuwa wakisimama juu ya viti. Lakini tangu kuugua alikuwa hathubutu hata kuuvumisha. "Nkiogopa nimekosea," alisema. "Nkangoja niusikie wenyewe kwanza."

Nikarudi mtandaoni mbio, sasa namtafuta yeye. Nikaandika jina la kikundi kwa kila namna. Hakuna. Nikapita kwa wenzake waliobaki. Kanda zao zimeota ukungu. Waarabu wa jangwani wapo, fidla za Wazungu zipo, baba yangu hayupo. Iliniuma, na nikaogopa.

Nikamkalia kitako mbele yake, mimi nisiyekaa. "Baba, uvumishe wote. Nakurikodi."

Akafumba macho, akaanza. Panapopanda hakuteremka. Alipanda tena, sauti nyembamba inatetemeka. Nyuma yangu spika ya msikiti ikakohoa. Allahu akbar. Kidole changu kikazima simu. Hata sikufikiri, mkono wa babu ulikuwa ndani ya mkono wangu. Na baba naye alikuwa amekwisha kunyamaza.

Tukaangaliana. Akaangua kicheko mpaka mate yakamtoka upande ule uliolegea, nikamfuta kwa ncha ya kanga.

Alipomaliza kuswali nikamwambia tuanze tena.

"Nshachoka."

"Kesho basi."

"Si kesho wala mtondo." Hakuwa amekasirika. "Malizia mwenyewe, mwanangu. Mie nani alonimalizia?"

Nimembembeleza, nimemnunia, nimempikia pweza. Hasemi jengine.

Rikodi iko kwenye simu. Naisikiliza nikishona, nayo inakatika pale pale. Mguu unasimama kwenye pedeli, na mdomo wangu, mimi nisiyejua hata fidla inashikwaje, unaanza kuutafutia mwisho, unapapasa sauti moja, ya pili, ya tatu.

"Sio," baba anasema kutoka barazani.

Naanza tena.