Aliyetuambia Turudi

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Nina kiti changu, redio yangu, na mke anayesema nikifa watanizika na kiti. Mtu wa namna hiyo anapata wapi visa vya porini vya kutunga? Kwa hiyo niamini: hiki kilinikuta mimi mwenyewe, tena mchana, jua likiwaka.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Hapa Mwandoya kila kukicha alikuja mnunuzi mpya wa pamba na mizani yake, mitumba ikajaa mnadani, na mimi nikajinunulia raba nyeupe za kuringia. Ndipo habari ikaja kutoka Kimali: mama yake Minza, mke wangu, yuko hoi kitandani, anamtaja binti yake tu. Dereva wa lori la pamba alituahidi lifti. Tukamsubiri tangu alfajiri, hakutokea. Minza akajitwika kikapu.

"Baba Limi, unakuja au unabaki kulinda kiti?"

Mtoto wetu Limi tukamwacha kwa jirani, tukashika njia. Kutwa nzima kwa miguu! Raba zilinichubua mapema, nikazivua, nikazining'iniza shingoni. Minza alicheka mpaka akakaa chini.

"Msomi wangu wa kidato cha nne, ulimvalia nani? Swala?"

Nakuambia, pamoja na ile hofu ya kumkuta mama amekwisha, siku ile tulitembea kama wachumba. Tulitafuna viazi vikavu na karanga, tukakumbushana siku niliyokwenda kwao kuposa nikajikwaa kwenye kamba ya ndama. Ningeweza kuirudia ile asubuhi hata leo, malengelenge yakiwemo.

Alasiri tukaingia kwenye ngitili, ule msitu ambao wazee huufunga ili ng'ombe wapate malisho kiangazi kikikaza. Miti imeshikana, njia ni ya mtu mmoja mmoja. Minza alikuwa mbele. Ghafla akapiga kelele:

"Mayu! Mama!"

Sasa kwetu, mama mkwe hukutani naye uso kwa uso. Ukimsikia anakuja, unampisha: unaingia majanini na kumpa mgongo. Mimi kwa uvivu wangu wote adabu hiyo ninayo. Niliruka kichakani kabla hata sijamwona. Ukiniuliza alikuwaje, ninachoweza kukueleza vizuri ni gome la mgunga.

Lakini sauti niliisikia, na ilikuwa yake, na kikohozi chake kidogo.

"Nimepona, mwanangu. Nilikuwa nakuja kwenu. Nyumbani hakuna mtu, mnamfuata nani? Turudini, nikamwone mjukuu wangu."

Minza alilia kwa furaha. Na mimi? Nilishaanza kuvaa raba, nakiona kiti changu kinaniita. Ungekataa wewe?

Kisha ile sauti ikaniita. Kwa jina langu, lile nililopewa na baba yangu.

"Geuka basi unisalimie," ikasema.

Elewa jambo hili. Tangu nimuoe Minza, mama yake hakuwahi kulitamka jina langu. Kwake ni mwiko, kama ilivyo mwiko kwangu kumtazama. Aliniita Baba Limi, tena kwa kumtuma mtu. Leo anaita, na anataka nigeuke? Shingo ilitaka kugeuka yenyewe, usinicheke. Niliishika kwa mikono miwili.

"Minza," nikauambia ule mti, "njoo huku. Tunaendelea na safari."

"Umerukwa na akili? Mama si huyu hapa?"

"Kama ndiye, tutaikuta nyumba tupu, tutarudi. Nitatembea tu."

Mimi, kuomba kutembea zaidi! Katika ndoa yetu halijawahi kutokea. Nadhani hilo ndilo lililomtisha. Akaja, tukapasua miiba, yeye akilia na kunitukana kwamba nimemdhalilisha mama yake. Aligeuka mara moja tu. Anasema yule mama alikuwa amesimama palepale, hana hasira, anatutazama kama mtu anayeaga wageni.

Tulifika jua likizama. Mama alikuwa kitandani, amebaki mifupa, hajatoka chumbani siku nyingi. Nilikaa nje, mgongo ukutani, nikasikia sauti ya chini sana ikimwuliza Minza:

"Baba Limi amekula?"

Basi nikalia kama mtoto.

Minza alimwogesha, akamnywesha uji, wakaongea yao. Alifariki wiki ile, mikononi mwa binti yake.

Ngitili ile sasa ni mashamba na matanuri ya mkaa, huoni hata kivuli cha kupumzikia. Sisi tumezeeka. Minza hunishukuru, lakini si kwa moyo wote. Maana akimkumbuka mama yake, anayemjia si yule aliyemwogesha. Ni yule wa njiani, mwenye mashavu, anayecheka. Usiku mwingine huniuliza, "Na kama kweli alikuwa yeye?" Namsogelea tu.

Kwa hiyo wewe, ukiwa njiani kwenda kumwona mgonjwa wako, akatokea mtu akakuambia amepona, hata kama anayekuambia ni mgonjwa mwenyewe: furahi, mshukuru, halafu tembea. Usirudi nyuma mpaka uushike mkono wake kitandani.